Msomi wa saikolojia ana kazi hata shambani

Ng'ombe anapouzwa ili kulipa karo ya chuo kikuu, mzazi ana haki ya kuuliza: mtoto anayesomea saikolojia atapata kazi gani? Wengi hudhani kazi ni moja tu, kutoa ushauri nasaha hospitalini au shuleni. Lakini taaluma hii pia huchunguza jinsi watu wanavyoamua, na uamuzi ndio huleta faida au hasara shambani na dukani.

Mfano mzuri unatoka Busia, magharibi mwa Kenya. Watafiti Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walibaini kuwa wakulima wengi walinuia kununua mbolea, lakini ilipohitajika hawakuinunua. Basi baadhi yao walitembelewa mara tu baada ya mavuno, pesa zikiwa bado mkononi. Waliuziwa mbolea kwa bei ya kawaida, na kupelekewa baadaye bila gharama ya usafiri. Kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, matumizi ya mbolea yalipanda kwa asilimia 47 hadi 70.

Watafiti hao ni wanauchumi, lakini tabia waliyoichunguza, ya kuahirisha jambo lenye manufaa, ni somo la saikolojia. Si ajabu kwamba Daniel Kahneman, mwanasaikolojia, alitunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Duflo na Kremer waliipata mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee.

Benki, kampuni za bima ya mazao na miradi ya kilimo hukumbana na maswali kama hayo kila msimu. Kwa nini mkopo haulipwi? Kwa nini mbegu bora inakataliwa? Anayeweza kuyajibu ana cha kuuza.

Hata hivyo, shahada pekee haitoshi. Mwanafunzi anapaswa kujifunza takwimu, azoee kuwahoji wakulima kwa lugha yao, na atumie likizo kufanya kazi nyanjani, hata kwa malipo madogo. Anayelenga kutoa ushauri nasaha nchini Kenya ajue kuwa sheria ya mwaka 2014 inamtaka asajiliwe.

Mzazi naye, kabla ya kuuza ng'ombe wa pili, aketi na mwanawe amuulize: likizo hii utafanya kazi wapi, na utajifunza nini huko?