Mkulima Mmoja, Mazao Mengi

Katika Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kuugawa Mkoa wa Rukwa, ni kawaida mtu yuleyule kulima mahindi ya chakula, tumbaku ya kuuza kupitia chama cha msingi cha ushirika, na karanga, huku porini akiwa na mizinga ya nyuki. Serikali ilipotoa mbolea ya ruzuku mwaka 2022, sharti lilikuwa mkulima aandikishwe kwanza. Katika uandikishaji wa aina hiyo, umbo la jedwali huwa suala la haki.

Njia ya mkato ni safu moja ya “shughuli” inayojazwa “mahindi, tumbaku, nyuki”. Binadamu ataisoma bila taabu, lakini kwa kompyuta hayo ni maandishi mamoja marefu. Karani mmoja akiandika “mahindi” na mwenzake “mhindi”, anayetafuta wakulima wa mahindi atawakosa baadhi yao. Ukitenga safu tatu, shughuli ya kwanza hadi ya tatu, mwenye nne hana pa kuandika ya nne, na kila swali hulazimika kupita safu zote.

Msingi wa tiba uliwekwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970: kila kisanduku kibebe thamani moja tu. Basi tuwe na majedwali matatu. La kwanza ni la wakulima, kila mmoja na namba yake. La pili ni la shughuli, kila moja ikiandikwa mara moja na kupewa namba yake. La tatu huunganisha namba hizo mbili, hivyo mwenye shughuli nne ana mistari minne kwa msimu. Msimu na ekari navyo hukaa humo, kwa kuwa hubadilika kwa kila mkulima na kila shughuli. Mkulima, shughuli na msimu kwa pamoja viwe ufunguo, ili mstari usijirudie.

Tahadhari moja: anayehesabu mistari ya jedwali la tatu atamhesabu mtu mmoja kama wanne au zaidi. Zihesabiwe namba za wakulima zisizojirudia.

Mbunifu anayeruhusu shughuli moja tu ameshaamua, kabla ya afisa ugani kufika kijijini, nini kitaonekana Mpanda, makao makuu ya mkoa, bajeti ikipangwa. Mrina asali aliyeandikwa mkulima wa tumbaku pekee hatapelekewa mtaalamu wa nyuki, hata kama mtaalamu huyo yupo.