Filamu za kutisha za bajeti ndogo: Popobawa asiyeonekana ndiye anayetisha zaidi

Mwaka 1995 Pemba haikuhitaji filamu ili iogope. Habari za popobawa, kiumbe anayesemekana kuvamia watu usingizini, zilianzia kisiwani humo, zikavuka hadi Unguja na baadaye Dar es Salaam. Familia nzima zilitoka vyumbani na kulala nje, zimeuzunguka moto hadi alfajiri.

Hapakuwa na mekapu, taa wala muziki. Kulikuwa na giza, maneno ya mdomo kwa mdomo na jina lenyewe: popo na bawa. Bajeti? Sifuri.

Leo kijana wa Kengeja, kusini mwa Pemba, akiwa na simu janja tayari ana kamera mfukoni. Tuseme anataka kutengeneza filamu ya kutisha na wenzake, na hana mfadhili. Atakuwa na faida gani, na atakwama wapi?

Hofu haina bei

Filamu ya mapigano inataka magari, silaha na milipuko. Filamu ya mapenzi mara nyingi inauzwa kwa sura ya nyota. Filamu ya kutisha inaweza kuishi bila hivyo vyote, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na kichwa cha mtazamaji mwenyewe.

Mfano maarufu ni Paranormal Activity ya Marekani. Mwongozaji Oren Peli aliirekodi ndani ya nyumba yake kwa takriban dola 15,000. Kamera imewekwa chumbani, watu wawili wamelala, mlango unasogea wenyewe. Basi. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani.

Kabla yake, mwaka 1999, The Blair Witch Project iliingiza karibu dola milioni 250. Waigizaji walishika kamera wenyewe msituni, na mchawi anayetajwa kwenye jina la filamu haonekani hata mara moja.

Hata kinyago cha muuaji wa Halloween ya 1978 kilinunuliwa dukani kwa bei isiyofika dola mbili. Kilikuwa sura ya Captain Kirk wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe. Muziki wa filamu hiyo aliutunga mwongozaji mwenyewe, John Carpenter.

Alichonacho kijana wa Pemba

Kwa upande wa mandhari, Pemba ina utajiri wa bure. Kuna mashamba ya mikarafuu yanayofunga mwanga hata mchana, mikoko wakati maji yamekupwa, na usiku usio na mbalamwezi. Hakuna haja ya kukodi wala kujenga chochote.

Kuna lugha pia. Mhusika anayeongea Kipemba chake cha kila siku anaaminika haraka kuliko anayejilazimisha kuiga lafudhi ya Dar es Salaam. Na kwenye filamu ya kutisha, kuaminika ni nusu ya kazi. Mtazamaji akishaamini kwamba huyu ni bibi wa kweli kwenye jiko la kweli, ndipo ataogopa sufuria likianguka lenyewe.

Halafu kuna hadithi. Majini, mizimu, vitu vinavyotajwa kwa sauti ya chini baada ya magharibi: mtazamaji wa huku hahitaji kuelezwa. Nusu ya filamu tayari anayo kichwani.

Bongo ilishajaribu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu za video zilipoanza kushika kasi Dar es Salaam, Mussa Banzi alikuwa miongoni mwa waliofungua njia kwa filamu kama Nsyuka na Shumileta. Baadaye Haji Dilunga akatengeneza filamu iliyoitwa Popobawa. Mkwanja ulikuwa mdogo na vifaa vilikuwa vya kuungaunga, lakini watu walitazama, kwa sababu viumbe waliokuwa kwenye skrini walikuwa wa kwao, si wa Ulaya.

Ila aina hii ya filamu ina udhaifu unaojirudia, na mtazamaji wa simu anaujua vizuri.

Kwanza, kiumbe anaonyeshwa mapema mno. Dakika ya tano tu tumeshamuona: meno ya plastiki, unga usoni, kucha za kubandika. Kuanzia hapo watu wanacheka. Kama huna hela ya kutengeneza bawa linaloaminika, onyesha kivuli chake ukutani na uso wa anayekiona.

Pili, sauti. Macho yanasamehe picha yenye chengachenga, lakini masikio hayasamehi. Maikrofoni ya simu iliyo mbali na mwigizaji inanasa upepo na pikipiki za barabarani, maneno yanapotea, na hofu inapotea nayo. Hela kidogo iliyopo iende kwenye maiki ya kubana shatini kabla ya kwenda kwenye damu ya bandia. Na muziki uliochukuliwa kwenye filamu za nje, zaidi ya kuwa wa watu, unapigwa mfululizo mpaka sikio linachoka. Ukimya ni bure, na unatisha zaidi.

Tatu, hadithi kuvutwa. Enzi za kanda na DVD, filamu nyingi za Bongo ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mara mbili. Hofu haivumilii kuvutwa hivyo. Filamu ya dakika 12 inayobana inamshinda kwa mbali jini wa saa tatu.

Udhaifu unaoumiza

Kasoro hizo tatu zinaishia kwenye kicheko. Ya nne haichekeshi.

Filamu ya bei ndogo inatafuta njia ya mkato ya kumfanya mtazamaji amjue mbaya ni nani. Mara nyingi njia hiyo ni bibi kizee mwenye macho mekundu, mtu mwenye ulemavu, au mgonjwa wa akili anayezurura. Hakuna gharama: sura ya mtu inageuzwa kuwa kinyago.

Lakini sura hizo ni za watu walio hai. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yametajwa kuwa ushahidi, wakati mara nyingi chanzo ni moshi wa kuni wa miaka mingi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani za aina hiyohiyo.

Na popobawa mwenyewe ana historia yake. Katika taharuki ile ya 1995, mgonjwa wa akili aliuawa mjini Zanzibar na kundi la watu waliomdhania ndiye popobawa. Mwaka 2007 hofu ikaibuka tena Dar es Salaam. Yaani hii ni hadithi inayoweza kutoka kwenye skrini ikaingia mtaani.

Hapo unyenyekevu wa bajeti unageuka kuwa ulinzi. Mwongozaji asiyeonyesha sura ya kiumbe hajamnyooshea mtu yeyote kidole. Na anaweza kwenda mbali zaidi: kitu cha kuogopesha kwenye filamu yake kikawa ni lile kundi lenyewe, majirani wenye tochi wanaomtafuta wa kumlaumu. Tukio hilo halihitaji athari maalumu hata moja. Linahitaji watu kumi, giza na mlango unaogongwa.

Kabla ya kubonyeza rekodi

Kwa anayetaka kuanza, mambo manne yanatosha.

Andika hadithi yenye sehemu moja na watu wachache, watatu hivi. Nyumba moja, usiku mmoja.

Jaribu sauti kabla ya siku ya kurekodi. Rekodi dakika moja, isikilize kwa spika za masikioni. Kama maneno hayaeleweki, usiendelee.

Fuata taratibu. Zanzibar ina chombo chake, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na Tanzania Bara kuna Bodi ya Filamu. Kwenye kijiji ambacho habari za majini huchukuliwa kwa uzito, ni busara pia kuwaeleza wazee na sheha mapema kwamba taa zitakazoonekana shambani usiku ni za watu wanaorekodi.

Mwisho, wape kazi watu ambao filamu nyingi huwafanya wachawi. Bibi yule akiwa ndiye shujaa, anayejua mlango upi ufungwe na upi uachwe wazi, filamu inapata mhusika ambaye watazamaji hawajamzoea. Nauli yake na chakula cha siku hiyo viingizwe kwenye bajeti.