Hadhira Mbili Mbele ya Skrini Moja: Mapokezi ya Tamthilia ya Dallas Iliporejea Runingani

Utangulizi

Tamthilia ya runinga inapokatika na kurejea baada ya miaka mingi, hurejea mbele ya hadhira mbili. Ipo hadhira inayokumbuka, na ipo hadhira inayokutana na tamthilia hiyo kwa mara ya kwanza. Hadhira hizi hukaa mbele ya skrini moja, saa ile ile, zikaona mambo tofauti. Makala haya yanachunguza mgawanyiko huo kwa kurejelea Dallas, tamthilia ya kifamilia ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha CBS mwaka 1978, ikakoma mwaka 1991 baada ya vipindi 357, kisha ikarejeshwa na kituo cha TNT tarehe 13 Juni 2012.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba maoni kinzani ya watazamaji kuhusu tamthilia iliyorejea si dalili ya ujinga wa hadhira, wala hayatoshi kuthibitisha udhaifu wa tamthilia yenyewe. Ni ushahidi kuwa watazamaji walikuwa wameihifadhi hadithi, kila mmoja kwa namna yake, na kwamba waliidai kama mali yao pia. Dallas imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa tamthilia chache za runinga ambazo hadhira zake zimechunguzwa na wataalamu katika nchi kadhaa. Pili, ilirejea ikiwa na baadhi ya waigizaji wale wale wakiigiza wahusika wale wale, ila sasa wakiwa wazee.

Msingi wa Kinadharia

Nadharia ya upokezi ilipata nguvu nchini Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960, hasa kupitia kwa Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser wa Chuo Kikuu cha Konstanz. Jauss alishikilia kuwa msomaji haiendei kazi ya fasihi akiwa mtupu. Huiendea akiwa na upeo wa matarajio, yaani jumla ya mambo aliyokwisha kuyasoma, kuyazoea na kuyaamini. Iser naye alionyesha kuwa kila kazi huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza mwenyewe.

Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, mawazo haya si mageni hata kidogo. Katika fasihi simulizi hadhira haijawahi kuwa bubu. Fanani hutaka idhini kabla ya kuanza, nayo hadhira humwitikia. Akiitamba ngano inayojulikana kisha akaruka tukio au kumbadilisha mhusika, hukosolewa papo hapo. Kisa cha Fumo Liyongo ni mfano mzuri. Wasikilizaji wanajua tangu mwanzo kuwa shujaa huyo atauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba, na hawakai kusubiri kujua kitakachotokea. Wanakaa kuona iwapo kitasimuliwa ipasavyo. Hadhira ya namna hii ni mlinzi wa hadithi.

Runinga imeubadilisha uhusiano huo. Fanani wa runinga hamwoni msikilizaji wake, na msikilizaji hana namna ya kumkatiza. Hata hivyo, hulka ya kuilinda hadithi haikufa kwa sababu ya kuwapo kwa kioo kati yao. Tamthilia iliyokoma inaporejea, hulka hiyo hujitokeza waziwazi.

Jamaa ya Ewing na Watazamaji Wake

Kiini cha msuko wa Dallas ni uhasama wa jamaa mbili za Texas, Ewing na Barnes, uliotokana na mafuta na mapenzi. Tamthilia inaanza Bobby Ewing anapomleta nyumbani Southfork mkewe mpya, Pamela, ambaye ni binti wa Digger Barnes, adui wa babake. Kaka mkubwa wa Bobby, J.R., aliyeigizwa na Larry Hagman, ndiye mhimili wa hila zote. Wahenga hutuhimiza kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Katika Southfork hakuna anayetii wosia huo; yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na ndiyo yanayoiendesha hadithi.

Taharuki ya tamthilia hii ilifikia kilele mwaka 1980. Tarehe 21 Machi J.R. alipigwa risasi na mtu asiyeonekana, na watazamaji wakangoja hadi tarehe 21 Novemba kumjua mtendaji. Inakadiriwa kuwa watu milioni 83 nchini Marekani walitazama kipindi hicho cha Novemba.

Wataalamu walivutiwa na swali la kwa nini watu wa mataifa mengi waliipenda hadithi ya matajiri wasiofanana nao. Ien Ang, akiwa Uholanzi, alichapisha tangazo katika jarida la wanawake liitwalo Viva akiwaomba watazamaji wamwandikie maoni yao. Alipata barua 42, na kutokana nazo akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1982. Wapo walioipenda tamthilia, wapo walioichukia na bado wakaitazama, na wapo walioitazama kwa kejeli ili wacheke. Walioipenda walikiri kuwa utajiri wa Southfork haukuwa na uhalisia kwao. Kilichokuwa halisi ni ugomvi, wivu na huzuni ya jamaa. Ang aliuita uhalisia wa hisia.

Tamar Liebes na Elihu Katz, katika kitabu chao cha mwaka 1990, walikwenda mbali zaidi. Walikaa na vikundi vya watazamaji majumbani, wakiwamo Waarabu na Wayahudi wa asili ya Moroko nchini Israeli, wahamiaji kutoka Muungano wa Kisovieti, na Wamarekani wenyewe. Kisha wakawaomba wasimulie upya kipindi walichokitazama. Katika kipindi kimoja Sue Ellen, mke wa J.R., anamkimbia mumewe pamoja na mtoto, naye anakimbilia kwa mpenzi wake wa zamani anayeishi na babake. Kikundi kimoja cha Waarabu kilisimulia kuwa Sue Ellen alirudi nyumbani kwa babake mzazi. Ni rahisi kuwacheka watazamaji hawa kuwa hawakuelewa. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki atatambua mara moja mantiki yao: mke akikosana na mumewe hurudi kwao. Walilijaza pengo kwa kanuni za jamii yao. Ikiwa kipindi kimoja kinaweza kuzaa hadithi mbili usiku ule ule, miaka ishirini ya kumbukumbu itazaa ngapi?

Marejeo Yaliyotangulia

Kabla ya mwaka 2012 Dallas ilikuwa imekwisha kujaribu subira ya hadhira yake. Mwaka 1984 nafasi ya mama wa jamaa, Bi Ellie, ilipewa mwigizaji mwingine, Donna Reed. Ilipofika mwaka 1985, Barbara Bel Geddes alirudishwa katika nafasi aliyoianzisha. Jina la mhusika lilikuwa lile lile na maneno aliyopewa yalikuwa ya mama yule yule, lakini sura iliyozoeleka ilikosekana. Katika tamthilia ya kifamilia, uso wa mwigizaji ni sehemu ya uhusika.

Jaribio kubwa zaidi lilimhusu Bobby. Alikufa katika kipindi cha mwisho cha msimu mwezi Mei 1985, akazikwa, na watazamaji wakaomboleza. Mwaka mmoja baadaye, Mei 1986, Pamela aliamka na kumkuta akioga bafuni. Septemba ilipofika, ilielezwa kuwa matukio ya msimu mzima yalikuwa ndoto ya Pamela. Wapo waliofurahi kumpata Bobby wao. Wengine walihisi kudhulumiwa, kwani huzuni yao ya mwaka mzima ilikuwa imefutwa kwa sentensi moja. Mvutano huu wa kumtaka mhusika arudi na kutotaka kudanganywa ili arudi ndio ulioibuka tena mwaka 2012.

Kurejea kwa 2012

Tamthilia mpya, iliyobuniwa upya na Cynthia Cidre, haikuwa marudio ya ile ya kwanza. Iliendeleza hadithi, ingawa iliyaacha kando matukio ya filamu mbili za runinga zilizotengenezwa mwaka 1996 na 1998. Larry Hagman, Patrick Duffy na Linda Gray walirudi kama J.R., Bobby na Sue Ellen. Mbele yao waliwekwa vijana wawili: John Ross, mwana wa J.R., na Christopher, mwana wa kupanga wa Bobby. John Ross anachimba mafuta Southfork kinyume cha wosia wa Bi Ellie. Christopher anatafuta nishati mpya ya methani. Ugomvi wa baba umekuwa ugomvi wa wana, na mtoto wa nyoka akadhihirika kuwa nyoka.

Walioridhika walikuwa na sababu za kuridhika. Muziki wa ufunguzi ulikuwa ule ule. Jumba la Southfork lilikuwa lile lile. Zaidi ya yote, tamthilia ilikubali kuwa wakati umepita. Katika kipindi cha kwanza J.R. ameketi kimya katika makao ya kutunzia wazee, na anapata tena kauli anaposikia kuwa Southfork inauzwa. Mtazamaji aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1980 alikuwa amevuka 50. Alimwona mzee akiinua uso, naye akajiona. Hakuna tamthilia mpya inayoweza kumpa mtazamaji kitu hiki, kwa sababu lazima kwanza pawe na miaka iliyopotea.

Wasioridhika nao walikuwa na hoja. Lalamiko la kwanza lilihusu mizani ya wahusika. Kwa waliokumbuka, vijana walikuwa wageni waliokalia viti vya wenyewe, na kila dakika waliyopewa ilikuwa imenyang'anywa wazee. Kwa waliokuja upya, mambo yalikuwa kinyume: wazee walizungumzia mambo ambayo mtazamaji mgeni hakuyashuhudia. Lalamiko la pili lilihusu kasi. Tamthilia ya kwanza ilikuwa na misimu mirefu na nafasi ya mazungumzo ya mezani. Ile mpya ilianza na vipindi kumi tu, hila ikifuatwa na hila kabla ya ile ya kwanza kupoa. Kile ambacho mgeni alikiita uchangamfu, mwenyeji alikiita haraka.

Lalamiko la tatu ndilo zito zaidi, nalo lilihusu uaminifu kwa wahusika. Cliff Barnes, kaka wa Pamela, alikumbukwa kama hasimu mwenye mkosi, mtu wa kuchekwa na kuhurumiwa. Isitoshe, tamthilia ya kwanza ilipokoma alikuwa ameitwaa kampuni ya Ewing Oil, alikuwa ameshinda. Katika tamthilia mpya anarudi akiwa katili anayeruhusu mlipuko ilhali bintiye mjamzito yuko pale pale. Mtazamaji mpya aliona mhusika mwovu aliyechorwa kwa nguvu. Mtazamaji wa zamani aliona mtu mwingine aliyevishwa jina la Cliff. Pamela naye hakurudi. Mwaka 2013 ilielezwa kuwa alikufa kwa saratani zamani, mbali na skrini. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Watazamaji waliokuwa wamengoja kumwona mhusika ambaye ndoa yake ndiyo iliyoifungua hadithi walipata taarifa ya kifo badala ya mhusika.

Kifo Kilichowaunganisha

Larry Hagman alifariki tarehe 23 Novemba 2012, msimu wa pili ukiwa bado unarekodiwa. Tarehe 11 Machi 2013 J.R. alizikwa runingani. Katika kipindi hicho hadhira mbili zilikaribiana kuliko wakati wowote mwingine. Waigizaji waliokuwa wamefanya kazi na Hagman tangu 1978 walimlilia J.R., na haikuwa rahisi kutenganisha machozi ya mhusika na ya mwigizaji. Waliokumbuka walimzika mtu waliyeishi naye. Waliokuja upya waliona, pengine kwa mara ya kwanza, kilichokuwa kikiombolezwa.

Umoja huo haukudumu. Baadaye ilifichuliwa kuwa J.R., akijua kuwa anakufa kwa saratani, alijipangia kifo chake ili Cliff asingiziwe mauaji. Baadhi ya watazamaji waliona huo ni ushindi wa mwisho wa bingwa wa hila. Wengine waliuliza inakuwaje Bobby, aliyekuwa dira ya maadili ya jamaa hiyo, akubali mtu afungwe kwa kosa asilolitenda. Tamthilia ilikatizwa Oktoba 2014 baada ya vipindi 40, ikiwa imemalizika kwa gari la Christopher kulipuka. Mashabiki waliendesha kampeni ya kuiokoa, lakini hawakufua dafu. Ni vyema kuzingatia kuwa walalamikaji wakubwa kwa kawaida hawakuwa wale walioondoka. Aliyechoka alizima runinga bila neno. Aliyelalamika alikuwa bado ameketi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa migogoro ya watazamaji wa Dallas ilitokana na pande mbili kudai hadithi moja: upande mmoja ukidai kumbukumbu itunzwe, mwingine ukidai nafasi ya kuingia. Mtayarishaji anayerejesha tamthilia hawezi kuziridhisha pande zote, lakini anaweza kujua anachodaiwa. Mapengo ya wakati yanaweza kujazwa kwa uhuru. Hulka ya mhusika haiwezi kubadilishwa bila sababu inayoonekana ndani ya hadithi.

Suala hili linawagusa wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Uhakiki wa tamthilia katika vyuo vyetu bado unaegemea sana maandishi: maudhui, wahusika, mbinu za lugha. Hadhira hutajwa katika somo la fasihi simulizi, kisha husahaulika mara tu kitabu kinapofunguliwa au runinga inapowashwa. Ilhali Wakenya wengi hukutana na sanaa ya maigizo sebuleni. Waliotazama Tausi ya KBC katika miaka ya 1990 wanaihifadhi hadithi hiyo vichwani mwao hadi leo, na kila mmoja anayo yake. Ang aliandika kitabu kizima kwa barua 42. Kumbukumbu za watazamaji wetu hazijaandikwa, nazo huzeeka pamoja na wenyewe. Mtafiti atakayekaa nao na kuwaomba wasimulie upya walichokiona atakuwa anafanya kazi ile ile ya kukusanya ngano, na ni heri aifanye kabla wasimulizi hawajatoweka.