Usukani wa Mashine ya Mashua

Mashua nyingi za wavuvi huendeshwa kwa mashine inayofungwa nyuma. Usukani wake ni mkono wa mashine. Ukiusukuma mkono kushoto, mashua hugeuka kulia. Usukani mbovu ni hatari. Mawimbi yakija ubavuni, mashua isiyogeuka upesi huweza kupinduka.

Usukani ukiwa mgumu, zima mashine kwanza. Legeza kidogo skrubu inayokaza usukani. Kisha tia grisi mpya kwenye shingo ya mashine mpaka grisi ya zamani itoke. Geuza mkono kushoto na kulia ili grisi ienee.

Mashua ikivuta upande mmoja, tazama mizigo. Nyavu na samaki vikae katikati. Tazama pia kama mashine imekaa katikati na imekazwa vizuri.

Ikiwa bado inavuta, zima mashine. Mashine nyingi zina pezi dogo juu ya propela. Legeza boliti yake. Mashua ikivuta kulia, sogeza ncha ya nyuma ya pezi kulia kidogo. Ikivuta kushoto, isogeze kushoto. Kaza boliti, kisha jaribu mashua karibu na ufuko.

Ndugu mvuvi, kagua usukani kabla ya kuondoka. Katikati ya maji hakuna fundi.