Mwendo wa Maji ya Ardhini na Jiolojia ya Ukanda wa Mute, Kaskazini mwa Cabo Delgado

1.0 Utangulizi

Mute ni kijiji cha wilaya ya Palma, katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji. Mvua za ukanda huu hunyesha kwa msimu mmoja, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili. Katika kiangazi kirefu kinachofuata, vijito vingi hukauka na visima hubaki tegemeo la watu. Shambulio la Machi 2021 dhidi ya mji wa Palma liliwafanya maelfu ya wakazi wa wilaya kuyahama makazi yao. Kurejea kwao kumezidisha haja ya kuchimba na kufufua visima. Makala hii inafafanua jinsi miamba inavyoongoza mwendo wa maji, na inatoa hoja kwamba kina cha kisima kinapaswa kuamuliwa na jiolojia ya mahali husika, si kwa kipimo kimoja kinachotumika mkoa mzima.

2.0 Miamba na njia ya maji

Ukanda wa pwani umefunikwa na tabaka za mchanga na kokoto zijulikanazo kama tabaka za Mikindani, kwa jina la bandari iliyoko kusini mwa Tanzania. Chini yake kuna mashapo ya kale zaidi ya bahari, yakiwamo ya mfinyanzi. Tofauti hii ndiyo msingi wa mambo yote. Mfinyanzi unaweza kuhifadhi maji mengi, lakini vinyweleo vyake ni vidogo mno, hivyo huyaachilia kwa shida. Mchanga huyapokea maji ya mvua upesi na kuyapitisha. Maji hushuka hadi yanapokutana na tabaka lisiloyapitisha kwa urahisi, kisha hufuata mteremko kuelekea mabondeni na baharini.

Bara, kwenye uwanda wa juu wa Mueda wenye mwinuko unaozidi mita 800, kanuni hiyohiyo huleta matokeo mengine. Mvua huzama katika mchanga mzito na kutokea kama chemchemi pembezoni, chini kabisa ya miteremko. Wakazi wa juu walilazimika kushuka kuyafuata maji. Utafiti wa Cairncross na Cliff uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha gharama yake: katika kijiji cha Itanda, ambako safari ya kuteka maji ilichukua saa 5, mtu alitumia wastani wa lita 4.1 kwa siku; katika kijiji cha Namaua, kilichokuwa na bomba karibu, alitumia lita 11.1. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa maji ya kuoga na kufua. Huko juu, kuchimba kwa kina kirefu au kuyapandisha maji kwa pampu ni jambo lisiloepukika.

3.0 Maji matamu juu ya maji ya chumvi

Pwani, suluhisho hilohilo linaweza kuwa madhara. Maji matamu, yakiwa mepesi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Kwa mujibu wa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hulingana na takribani mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kinyume chake pia ni kweli: uvutaji ukishusha usawa wa maji kwa nusu mita na hali hiyo ikidumu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda kwa takribani mita 20. Kanuni hii ni makadirio, kwa kuwa maji hayo mawili huchanganyika mpakani na tabaka za mfinyanzi hubadili njia yake. Hata hivyo, inaonyesha kwa nini kisima kilichoongezwa kina ili kupata maji zaidi huweza kuishia kutoa maji yasiyonyweka.

Kisima kifupi nacho kina hatari yake: mchanga unaopitisha mvua upesi hupitisha vilevile uchafu wa vyoo.

4.0 Hitimisho na mapendekezo

Kwa makazi kama Mute, usalama wa maji umo kati ya hatari hizo mbili. Inapendekezwa kwamba kila uchimbaji utanguliwe na uchunguzi wa tabaka za mahali. Kwamba usawa wa maji na kiwango cha chumvi vipimwe mwishoni mwa kiangazi, maji yanapokuwa chini kabisa. Na kwamba visima kadhaa vinavyovutwa kwa kiasi vipewe kipaumbele kuliko kisima kimoja chenye pampu kubwa. Vyoo vijengwe upande wa chini wa mwendo wa maji. Vipimo hivyo viwekwe wazi kwa wanakijiji na kwa kila mradi unaovuta maji katika bonde hilohilo, maana chumvi ikishaingia katika mchanga, huweza kuchukua miaka mingi kuondoka.