Feni Iliyonyamaza Kwenye Foleni

Ilikuwa yapata saa saba na nusu mchana tulipojikuta katika foleni ya kivuko cha Likoni, watu watano ndani ya gari letu dogo la zamani. Mama yangu mzazi alikuwa amekaa mbele, kimya, buibui lake limemfunika hadi vidoleni. Dada yake alikuwa amefariki alfajiri huko Msambweni, nasi tulikuwa tumearifiwa kwamba jeneza lingetoka nyumbani kabla ya sala ya alasiri. Muda ulitosha, ingawa haukuwa wa kuchezea. Kutoka Kisauni hadi kisiwani mshale wa geji ya joto ulikuwa umetulia katikati kama kawaida yake.

Baada ya robo saa ya kusimama huku injini ikinguruma, mshale ulianza kupanda. Nilitega sikio nisikie sauti ya feni ya rejeta, sikuisikia. Haukupita muda mvuke ukaanza kufuka mbele yetu. Nilizima injini, nikafungua boneti, nikachukua kitambaa ili nizungushe kifuniko cha rejeta. Mama aliniita kwa ukali ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni mwangu: “Mwanangu, usikifungue! Chungu kinachochemka hakifunuliwi kwa pupa.”

Neno hilo liliniokoa uso. Maji ya rejeta hubanwa na kifuniko, na kwa kubanwa huko huweza kupita nyuzi 100 pasipo kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa ghafla, maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia aliyeinama juu yake.

Mama alivuka kwa miguu pamoja na binti yangu mkubwa, wakatafuta matatu ng’ambo ya pili. Walipofika Msambweni, jeneza lilikuwa limeshatoka. Hakuuona uso wa dada yake.

Kazi ya swichi ndogo

Msomaji mpenzi, huenda ukajiuliza ni hitilafu gani hiyo iliyoleta msiba juu ya msiba. Ilikuwa ni swichi isiyozidi ukubwa wa kidole gumba, pamoja na waya mmoja uliosahauliwa.

Katika magari mengi ya zamani yenye feni ya umeme, haiwashi dereva wala kompyuta. Huwashwa na swichi ya joto iliyofungwa kwa hesi, aghalabu kwenye upande wa chini wa rejeta, ncha yake ikiwa imezama majini. Maji ya moto hutoka kwenye injini kupitia mpira wa juu, hupozwa ndani ya rejeta, kisha hurudi kwenye injini kupitia mpira wa chini. Kwa hivyo swichi iliyo chini hupima maji ambayo tayari yamepozwa. Gari likienda kwa kasi, upepo wa barabara hutosha, na feni hulala. Gari likisimama kwenye foleni, upepo hukosekana, maji hufika chini yakiwa bado moto, na hapo swichi huiamsha feni.

Kila swichi ina viwango viwili, cha kuwasha na cha kuzima. Kwa mfano, swichi za Volkswagen Golf za miaka ya 1980 na 1990 huwasha feni kwa mwendo wa kwanza baina ya nyuzi 92 na 97, na kuizima baina ya nyuzi 91 na 84. Pengo baina ya kuwaka na kuzima limewekwa makusudi, ili feni isiwe ikiwaka na kuzimika kila dakika.

Kosa la kwanza: njia ya umeme

Miezi miwili kabla ya siku ile, rejeta yetu ilikuwa imetoboka kwa kutu. Sisi wa Pwani tuna mazoea ya kutia maji ya kisima, na maji hayo aghalabu huwa na chumvi, nayo chumvi hula chuma kidogo kidogo. Fundi wetu, mzee ambaye ametutengenezea magari kwa miaka mingi, alitupatia rejeta nyingine iliyolingana na gari, ila haikuwa na tundu la swichi. Akafanya kama wafanyavyo mafundi wengi: aliukata mpira wa juu, akaingiza katikati yake kipande cha bomba la chuma chenye tundu la hesi, akaifunga swichi hapo.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Lakini swichi ya gari letu ni ya waya mmoja. Umeme huingia kwa waya huo na kurudi kwenye betri kupitia mwili wa swichi wenyewe, ambao hugusana na chuma cha gari. Swichi ilipohamishiwa kwenye bomba lililoshikwa na mpira huku na huku, mwili wake haukugusa chuma chochote cha gari, na mpira haupitishi umeme. Swichi iliendelea kuhisi joto na kufunga mzunguko wake, lakini umeme haukuwa na njia ya kurudi.

Aliyeligundua hilo ni mwanangu wa kiume, anayesomea ufundi wa magari. Aliuchomoa waya wa swichi, akafungua ufunguo wa gari, kisha akaigusisha ncha ya waya ule kwenye chuma cha injini. Feni ikazunguka mara moja. Akasema, “Baba, feni ni nzima, fyuzi ni nzima, na rilei ni nzima. Ugonjwa uko kwenye swichi, au kwenye njia yake ya kurudi.” Aliurudisha waya mahali pake, akaacha injini ipate moto, kisha akaunganisha bomba la swichi na bodi ya gari kwa kipande cha waya. Feni ikaamka.

Kosa la pili: mahali

Tulidhani mambo yamekwisha. Hata hivyo, kwa siku tatu zilizofuata feni ilikuwa ikishawaka haizimiki tena, hata alfajiri barabara ikiwa tupu na upepo ukivuma. Feni ya namna hiyo huchakaza mota yake na kuielemea altaneta pasipo faida.

Mwanangu aliifungua swichi, akaingia nayo jikoni. Aliining’iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiyotumika kwa chakula, isiguse kitako cha sufuria, akaweka kipimajoto kando yake na kuunganisha mita ya umeme: ncha moja kwenye kituo cha waya, nyingine kwenye mwili wa swichi. Maji yalipofika nyuzi 93 swichi ilifunga mzunguko. Tulipozima jiko na kuyaacha yapoe, iliufungua kwenye nyuzi 87.

Thamostati ya gari letu, yaani kilango kinachoachia maji ya injini yaende kwenye rejeta, imeandikwa nyuzi 88. Maana yake, maji yanayopita kwenye mpira wa juu wakati injini imeshapata moto hayashuki chini ya nyuzi 88. Swichi inayongoja nyuzi 87 ili izime, ikikaa hapo, itangoja hadi injini izimwe. Swichi ile ilitengenezwa kwa ajili ya upande wa chini. Atakaye kuiweka juu hana budi kutafuta nyingine yenye viwango vya juu zaidi.

Kwa fundi

Tulikwenda kwa fundi sote wawili. Nilimwonya mwanangu achunge ulimi wake, kwani mzee yule alikuwa akishika spana kabla mimi sijajua kuendesha.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?”

“Hatujambo. Ami, tumeona kama swichi haikuwa na njia ya kurudishia umeme. Pengine tumekosea. Tungependa uitazame.”

Mzee aliinama, akaitazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alifuta mikono yake na kusema, “Hamkukosea. Mimi ndiye niliyekosea. Nilipoitoa kwenye chuma nikaitia mpirani, nilisahau kuwa mpira haupitishi umeme.”

Alikataa kupokea malipo. Alingoja injini ipoe kabisa, akatoa waya hasi wa betri, akamwaga maji. Alilihamishia bomba kwenye mpira wa chini, likiwa na upana sawa na mpira ili lisizuie mkondo, akalibana imara ncha zote mbili. Akafunga waya wa kurudishia umeme kutoka kwenye bomba hadi kwenye chuma cha bodi kilichosuguliwa rangi. Kisha akajaza kulanti badala ya maji ya kisima na kuiacha injini iende hadi mapovu ya hewa yakaisha, kwani swichi iliyozungukwa na hewa haihisi joto la maji. Hatukuondoka mpaka feni ilipowaka mbele ya macho yetu, na ikazima yenyewe.

Jioni ile alikuja nyumbani kumtaka radhi mama yangu. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akasema, “Nimekusamehe. Ila kila gari utakalolishika, lione kana kwamba ndani yake mna mtu anayewahi maziko.”

Kabla hujafunga safari

Mwenye gari la namna hii aifanye desturi: mara moja kwa mwezi aliache lingurume limesimama, asikilize feni ikiwaka na ikizima. Ikiwa haiwaki, asikubali haraka kuwekewa “dairekti”, yaani feni iunganishwe moja kwa moja na ufunguo. Hiyo huficha ugonjwa, haiutibu. Mpira wa chini ukiwa baridi ilhali injini inachemka, huenda thamostati imekwama, na hapo swichi haina lawama. Pia aulize swichi yake ni ya namna gani, kwani katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 kazi yake ni kinyume: waya ukichomoka, feni huzunguka daima. Watoto nao wasiachwe kutia mikono karibu na feni, maana katika baadhi ya magari huweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa.

Na fundi anapokihamisha kitu kutoka mahali kilipowekwa na mtengenezaji, tumuulize bila ya haya: kilikuwa kikipata nini pale, na huku kitakipata vipi? Nilipoichukua gari ile kwa fundi mara ya kwanza sikuuliza. Nilishukuru, nikalipa, nikaondoka.