Kwa nini gari kuukuu huzimika wakati wa joto?

Pengine umewahi kuliona gari kuukuu likipanda mlima mrefu, kama ule wa Kitonga katika Mkoa wa Iringa, wakati wa jua kali. Ghafla injini inakohoa, kisha inazimika. Dereva anajaribu kuiwasha, lakini haiwaki. Injini ikiisha kupoa, gari linawaka tena. Je, ni nini kilichotokea?

Injini ya petroli huhitaji petroli, hewa na cheche ya umeme. Kikikosekana kimoja, injini huzimika. Katika magari mengi ya zamani, pampu ya petroli imefungwa kwenye injini. Pampu hiyo huvuta petroli kutoka tangini kwa bomba jembamba na kuipeleka kwenye kabureta.

Umekwisha kujifunza kwamba kimiminika kikipata joto hugeuka kuwa mvuke. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na baadhi yake huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Gari likipanda mlima polepole, upepo wa kuipoza injini hupungua. Petroli iliyomo bombani huchemka na kufanya mapovu ya mvuke. Pampu haiwezi kuuvuta mvuke vizuri, kwa sababu mvuke hubanwa na kutanuka tu. Hivyo kabureta hukosa petroli.

Lakini usikate shauri upesi. Koili, ambayo husaidia kutoa cheche, nayo huweza kushindwa kazi ikipata joto, na kufanya kazi tena ikipoa. Fundi akikosea, atabadili kifaa kizima, na kesho gari litazimika tena. Basi hupambanuaje?

Kwanza huichunguza cheche. Cheche ikiwapo, hufunika pampu na bomba kwa kitambaa chenye maji. Vifaa vingine haviguswi. Injini ikiwaka baada ya dakika chache, fundi hujua kwamba hitilafu ilitokana na mvuke. Amebadili jambo moja tu; ndiyo maana jibu lake ni la kuaminika.

Kitambaa hupozaje? Maji yake yakigeuka kuwa mvuke, huchukua joto la bomba.

Jaribio
Lowesha mkono mmoja, na mwingine uache mkavu. Ipulizie yote miwili. Ni upi unaosikia baridi zaidi? Eleza sababu.

Angalia!
Mvuke wa petroli hushika moto upesi, na maji ya rejeta huunguza. Mwachie fundi kazi hii.